Bunduki Juu ya Farasi: Somo Kutoka kwa Mashujaa Waliokataa Kujifunza



Ndugu msomaji, nakuomba usigeuze ukurasa ukidhani hii ni makala ya kuwakemea vijana wanaocheza gemu usiku wa Ramadhan. Makemeo hayo umeshayasikia ya kutosha, na mimi mwenyewe si mtu wa kurusha jiwe hilo. Nataka tu nikusimulie swali lililoanzia kwenye gemu likanipeleka mbali, hadi Cairo, Halab na Timbuktu, kisha likanirudisha nyumbani nikiwa na aibu kidogo.

Ilikuwa Ramadhan iliyopita, baada ya tarawehe. Tulikuwa vijana wanne kwa binamu yangu, kaimati zimebaki sahani nzima, na kompyuta mbili zimewashwa. Gemu lenyewe ni la vita vya kale, lile ambalo watu wa nchi mbalimbali huingia kwa mtandao na kupigana majeshi kwa majeshi. Wengine huwa askari wa miguu, wengine wapanda farasi. Usiku huo akatokea mchezaji mmoja amepanda farasi na ana bunduki. Anakuja mbio, anapiga, anakimbia, anajaza tena huku farasi akienda, anarudi. Ndani ya dakika chache kikosi chetu chote kikawa kimelala.

Basi hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Binamu yangu akasema, "Hii si haki bwana! Farasi peke yake ni nguvu, bunduki peke yake ni nguvu. Ukimpa mtu mmoja vyote viwili umeharibu gemu. Waitoe!" Mwenzetu akamjibu, "Kwani zamani hawakupiga bunduki juu ya farasi? Historia ni historia. Ukishindwa, jifunze kucheza." Wakanigeukia mimi, ati kwa kuwa nasoma chuo kikuu, niwe hakimu. Wallahi sikuwa na jibu.

Ami yangu alikuwa barazani na tasbihi yake, anatusikiliza. Akacheka, akasema, "Nyinyi mwagombania farasi wa kwenye kioo. Kuna Waislamu waligombania jambo hilo hilo kwa farasi wa kweli, wakapoteza dola nzima." Akarudi kwenye uradi wake, hakuongeza neno. Mimi nikabaki na deni la kusoma. Makala hii ni malipo ya deni hilo.

Watumwa waliokuwa wafalme

Tuanze na hao ami aliowakusudia. Ni Wamamluki wa Misri na Shamu, waliotawala kuanzia 1250 mpaka 1517. Neno mamluki kwa Kiarabu ni mtu anayemilikiwa, yaani mtumwa. Walinunuliwa wakiwa wavulana, mwanzo wengi wao wakitoka kwa Waturuki wa Kipchak, na baadaye kwa Wacherkesi wa milima ya Kaukasi. Wakaletwa Cairo, wakasilimishwa, wakafundishwa dini na vita katika mabweni ya ngome ya sultani. Kijana akihitimu aliachwa huru, akapewa farasi na silaha. Na kutoka hapo njia ilikuwa wazi: alieingia Misri kwa kuuzwa sokoni aliweza kufa akiwa sultani.

Elimu yao ya vita iliitwa furusiya. Ukilisikiliza neno hilo utamsikia farasi wetu wa Kiswahili ndani yake, kwani shina ni moja. Furusiya ilikuwa mkuki, upanga, uta, na juu ya yote kumjua farasi. Walikuwa na zoezi moja linaloitwa qabaq: shabaha inawekwa juu ya mlingoti mrefu, na mpanda farasi anapita chini yake kwa mbio, anageuka kwenye tandiko na kuipiga kwa mshale. Hebu jaribu kuwaza. Hatamu ameziachia, mikono yote miwili iko kwenye uta, anamwongoza farasi kwa magoti tu. Kitu hicho hakifunzwi kwa wiki mbili. Ni umri mzima.

Na matunda yake yalionekana. Tarehe 25 Ramadhan mwaka 658 Hijria, sawa na tarehe 3 Septemba 1260, katika bonde la Ayn Jalut huko Palestina, Wamamluki chini ya Sultani Qutuz na kamanda Baybars waliwashinda Wamongoli. Miaka miwili nyuma Wamongoli hao walikuwa wameiteketeza Baghdad na kumuua khalifa. Maalim wetu wa madrasa alikuwa akitusimulia kisa hiki kila ikifika kumi la mwisho, na sisi watoto tukitoka hapo tunapigana kwa vijiti vya mwarobaini mpaka adhana.

Lakini maalim alikuwa akiishia hapo. Hakutwambia ilikuwaje mashujaa hao hao, miaka 256 baadaye, wakaangushwa.

Tatizo la mikono

Sasa turudi kwa swali la binamu yangu: je, bunduki juu ya farasi kweli ilikuwa silaha isiyoshindika?

Ondoa kwanza kichwani bunduki za leo. Bunduki ya karne ya 15 na 16 ilikuwa ya utambi. Unamimina baruti kwenye mtutu, unatia risasi, unashindilia kwa mti, unaweka baruti nyingine laini kwenye kisahani cha pembeni. Utambi wenyewe ni kamba inayowaka taratibu, na lazima uilinde isizimike. Ukitaka kupiga, unafyatua, utambi unashuka kwenye kisahani, moto unaingia ndani, risasi inatoka. Halafu unaanza upya, hatua zote. Askari aliyezoea, akiwa amesimama imara kwa miguu yake, aliweza kupata risasi moja au mbili kwa dakika.

Mpandishe sasa juu ya farasi. Mkono mmoja unataka hatamu. Bunduki ni nzito na inataka mikono miwili. Utambi unawaka karibu na chupa ya baruti iliyo kiunoni mwako, na pia karibu na shingo ya mnyama anayeogopa moto na kishindo. Upepo wa mbio unapeperusha baruti ya kisahani. Mvua ikinyesha, kwisha. Na hata ukifanikiwa kupiga, shabaha gani utakayoipata wakati tandiko linapanda na kushuka? Ukishapiga mara moja, umebaki na fimbo ya chuma mkononi, na mwenye uta kando yako ameshaachia mishale kadhaa.

Kwa hivyo yule jamaa wa kwenye gemu, anayejaza bunduki ndefu farasi akiwa mbioni, alikuwa anafanya jambo ambalo watu wa zama za utambi walilishindwa. Binamu yangu alikuwa na haki ya kulalamika!

Kipo kisa kimoja kinachochekesha. Balozi wa Ulaya, Busbecq, aliyekaa Istanbul zama za Sultani Suleiman, aliandika kwamba waziri mkuu Rustem Pasha alitaka kuwapa bunduki wapanda farasi wake 200 katika vita dhidi ya Waajemi. Kabla hawajafika nusu ya safari, bunduki zikaanza kuharibika, vipande vinapotea, mafundi hawapo. Baruti ikawachafua nguo na mikono, nao ni watu waliojali sana usafi na mavazi. Wenzao wakawacheka. Mwisho wakamwendea Rustem wakimsihi awarudishie nyuta zao, naye akakubali.

Ukisoma kisa hiki peke yake utasema: basi Wamamluki walikuwa sahihi kuikataa bunduki. Uta ulikuwa bora juu ya farasi, yakaisha. Ngoja kwanza, maana hapa ndipo mambo yanapogeuka.

Kisa cha Farajallah

Wamamluki hawakuwa wajinga wa baruti. Mizinga waliitumia tangu karne ya 14 kwenye ngome na kuzingira miji. Bunduki za mkononi nazo zilifika kwao mwishoni mwa karne ya 15, zama za Sultani Qaitbay. Hata neno letu bunduki limetoka kwa Waarabu: bunduq ni kokwa fulani ndogo ya mviringo, na jina likahamia kwa risasi, kisha kwa silaha yenyewe.

Swali lililowatatiza lilikuwa hili: nani ataishika? Bunduki ilitaka mtu wa miguu, anayesimama mahali pamoja na wenzake kwenye safu. Mamluki kushuka farasini maana yake ni kushuka cheo. Farasi ndiye aliyemtenganisha na raia. Basi bunduki wakapewa watu waliodharauliwa.

Qaitbay alipofariki 1496, mwanawe kijana, al-Nasir Muhammad, akashika ufalme. Akaunda kikosi cha bunduki cha watumwa weusi, wapata 500 hivi. Mkuu wao aliitwa Farajallah. Mwaka 1498 sultani akamheshimu Farajallah: akamvalisha vazi la mikono mifupi lililokuwa alama ya heshima ya Wamamluki, na akamuozesha kijakazi wa Kicherkesi kutoka ikulu.

Wamamluki wakapandwa na hasira. Wakavaa vyuma vyao, wakatoa silaha, wakaivamia ile jamaa ya bunduki ndani ya ngome. Weusi wakajikusanya kwenye minara wakapiga risasi, lakini wakazidiwa. Farajallah akauawa, na pamoja naye watu kama 50. Waliobaki wakakimbia. Kisha maamiri wakamwendea sultani wakamkaripia kwa mambo yake hayo, naye hakuwa na la kufanya ila kukubali. Kabla mwaka haujaisha naye pia akauawa.

Ndugu msomaji, soma tena aya mbili hizo. Waliokasirika kwamba mtumwa mweusi ameoa msichana wa Kicherkesi wenyewe walikuwa watumwa, au watumwa walioachwa huru! Walinunuliwa sokoni kama alivyonunuliwa Farajallah. Uislamu ndio uliowainua. Na walipofika juu wakaivuta ngazi, ili asipande mwingine.

Na tazama tarehe. Mwaka huo huo wa 1498, mwezi wa Aprili, meli za Vasco da Gama zilitia nanga mbele ya Mombasa, zikiwa na mizinga. Adui mpya alikuwa ameshaingia baharini kwetu, na Cairo walikuwa wakiuana kwa sababu ya harusi.

Kikosi cha tano

Aliyeiona hatari alikuwa Sultani Qansuh al-Ghawri, aliyetawala kuanzia 1501. Wareno walishaivamia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, biashara ya viungo ikaanza kuiacha njia ya Misri, na Februari 1509 jeshi la majini la Wamamluki na wenzao likashindwa huko Diu, pwani ya India. Al-Ghawri akaanza kuyeyusha shaba kutengeneza mizinga, akaifanyia majaribio, mingine ikapasuka, akatengeneza mingine.

Kama mwaka 1510 akaunda kikosi kipya cha bunduki, kikaitwa tabaka la tano. Waliingia humo Waturukimani, Waajemi, watoto wa Wamamluki wasiokuwa na nafasi, hata washona viatu, mafundi cherehani na wauza nyama. Mshahara wao ulikuwa mdogo na siku yao ya kulipwa ilikuwa mbali na ya wengine. Hata hivyo Wamamluki walilalamika kwamba hazina inamalizwa na watu wa sokoni. Na palipohitajika watu wa kwenda Bahari ya Shamu kupambana na Wareno, wengi wa hao ndio waliotumwa. Kazi ya hatari ni yao, heshima si yao.

Upande wa Waturuki wa dola ya Uthmaniya, mambo yalikuwa kinyume. Bunduki zao walipewa Yanisari, jeshi la miguu lililo karibu zaidi na sultani, wenye mshahara, sare na jina la kutisha. Angalia jambo hili vizuri: hawa nao hawakupandisha bunduki juu ya farasi. Wapanda farasi wao, masipahi, waliendelea na uta, mkuki na upanga. Walichofanya ni kuviweka vyote viwili kwenye uwanja mmoja, kila kimoja mahali pake. Katikati ni Yanisari na mizinga, mbele yao magari yaliyofungwa minyororo ili farasi wa adui wasipite. Pembeni ni wapanda farasi. Ukiwashambulia katikati unakula risasi, ukizunguka pembeni unakutana na mikuki.

Tarehe 23 Agosti 1514, huko Chaldiran, Sultani Selim aliwashinda kwa mpango huo wapanda farasi hodari wa Shah Ismail wa Uajemi. Mtu yeyote mwenye macho Cairo alishajua kilichotokea. Walikuwa na muda wa kujiuliza. Miaka miwili kamili.

Marj Dabiq

Tarehe 24 Agosti 1516, kwenye uwanda wa Marj Dabiq kaskazini ya Halab, Selim alikutana na al-Ghawri, mzee wa zaidi ya miaka 70, akiwa juu ya farasi wake.

Nitasema haki, kwa sababu historia ni amana. Bunduki peke yake haikuwashinda Wamamluki siku hiyo. Shambulio lao la kwanza lilikuwa kali na likawasukuma Waturuki nyuma. Lakini Wamamluki wa zamani waliona sultani anawatanguliza wao na kuwahifadhi vijana wake wapya, wakavunjika moyo. Khayr Bey, gavana wa Halab, aliyeshika upande wa kushoto, akajiondoa, na baadaye ikajulikana alikuwa na makubaliano na Selim. Mizinga na bunduki zikamalizia kazi. Al-Ghawri akafia uwanjani. Waliokuwa tabaka la tano, wengi wao, walikuwa mbali baharini.

Tuman Bay, aliyemrithi, akajaribu kujifunza kwa miezi mitano kile ambacho wenzake walikikataa miaka mingi. Huko Raydaniya, nje ya Cairo, akachimba handaki, akapanga mizinga, akatafuta wenye bunduki kila mahali. Tarehe 22 Januari 1517 Waturuki wakafika, baadhi wakauzunguka mstari wake kupitia upande wa mlima Muqattam, na mizinga iliyochimbiwa ardhini haikuweza kugeuzwa. Mwezi wa Aprili Tuman Bay alinyongwa kwenye lango la Zuwayla, Cairo. Dola ikaisha.

Kuwa na silaha kwa pupa si sawa na kuizoea. Silaha mpya inataka watu waliofundishwa, walioheshimiwa na wanaoaminiana. Hayo hayanunuliwi kwa miezi mitano.

Waliofaulu, na walichofanya

Huenda unauliza: basi hakuna aliyefaulu kupiga bunduki farasini? Wapo. Ulaya mafundi walitengeneza bastola yenye kigurudumu cha chuma na springi, kinachojizungusha na kutoa cheche, bila utambi. Hii ungeiweka kwenye mfuko wa tandiko ikiwa imeshajazwa, ukaitoa kwa mkono mmoja. Wapanda farasi wa Kijerumani wakawa wanabeba mbili au zaidi, wanakwenda safu kwa safu, kila safu inapiga na kugeuka nyuma kujaza. Lakini bastola hizo zilikuwa ghali, zikiharibika zilitaka fundi stadi, na risasi yake ilifaa karibu sana, hatua chache tu. Karne ya 17 mfalme Gustavus Adolphus wa Sweden akawaamuru wapanda farasi wake wasipoteze muda: wapige mara moja, kisha waingie kwa upanga. Wengine wakachukua njia nyingine: farasi awe wa kukufikisha tu, ukifika ushuke upigane kwa miguu.

Na Waislamu? Wamoroko walikuwa na wapanda farasi wenye bunduki walipomshinda mfalme Sebastian wa Ureno huko Wadi al-Makhazin, tarehe 4 Agosti 1578. Ushindi huo tunausimulia kwa furaha. Lakini silaha hiyo hiyo ilikwenda kusini pia. Mwaka 1591 jeshi la Moroko chini ya Judar Pasha lilivuka Sahara, katika hesabu zinazotajwa sana watu kama 4,000, na 500 kati yao walikuwa wapanda farasi wenye bunduki. Tarehe 13 Machi, huko Tondibi, likalivunja jeshi kubwa la dola ya Songhai. Waislamu walipiga Waislamu, kwa ajili ya dhahabu. Timbuktu, mji wa maulamaa, ukatekwa. Mwaka 1593 mwanachuoni mkubwa Ahmad Baba akakamatwa, na baadaye akapelekwa Marrakesh na familia yake katika minyororo. Hakurudi kwao ila mwaka 1608.

Alipokuwa mzee, Ahmad Baba aliandika risala kuhusu utumwa, akaipinga hoja kwamba weusi wa ngozi ni sababu ya mtu kufanywa mtumwa. Katika vita vyote nilivyosoma kwa ajili ya makala hii, hakuna jibu kwa kilichompata Farajallah linalonigusa kama hilo, nalo halikutoka kwenye mtutu.

Mwisho wa mwisho

Hadithi ya Wamamluki haikuishia 1517. Waliendelea kuwa mabwana wa Misri chini ya Waturuki. Na ukiwatazama miaka 281 baadaye, utashangaa: bunduki sasa wamezipandisha juu ya farasi, tena si moja. Bunduki za gumegume hazitaki utambi, hivyo mamluki wa 1798 alikuwa na bunduki fupi, jozi za bastola, mikuki ya kurusha na upanga. Anapiga bunduki, anaitia chini ya paja. Anapiga bastola, anazitupa nyuma mtumishi wake aziokote. Kisha upanga mkononi, anaingia. Ndiye yule jamaa wa kwenye gemu, mwenye kila kitu!

Tarehe 21 Julai 1798, karibu na Cairo, katika vita vinavyoitwa vya Mapiramidi, walimkabili Napoleon. Wafaransa walijipanga katika miraba, kila upande wa mraba safu za askari wa miguu, mizinga kwenye pembe. Wamamluki walikuja mbio kwa ushujaa ambao Wafaransa wenyewe waliusifu. Miraba haikuvunjika. Maelfu wa upande wa Misri waliangamia, kwa risasi na kwa maji ya mto Nile. Wafaransa waliokufa walikuwa kama 30 tu.

Kwa hivyo walipokosa bunduki walishindwa, na walipokuwa nazo kupita wote walishindwa. Kilichokosekana mara zote mbili ni safu: watu wa kawaida, wamesimama bega kwa bega, kila mmoja anamtegemea jirani yake, hakuna anayemwambia mwenzake "wewe si wa daraja langu". Sisi watu wa safu tano kwa siku, tena tarawehe juu yake, ndio tungekuwa wa kwanza kulijua hilo.

Mizani

Sasa hukumu yangu kwa wale wawili, maana nilichelewa. Binamu, una haki: bunduki ndefu juu ya farasi anayekimbia isijazwe kirahisi hivyo. Mwenye kutaka kujaza, asimame. Bastola ipige karibu tu. Bei yake iwe kubwa na idadi yake ichache. Na wewe mwenzetu uliyesema historia ni historia, una haki pia: usiitoe. Waundaji wa gemu wafanye kama historia ilivyofanya, wampe askari wa miguu faida akisimama karibu na wenzake. Ukijitenga peke yako, farasi akuchukue. Mkishikamana, asiwaguse. Hiyo ndiyo mizani.

Lakini mizani ya gemu inarekebishwa kwa kubonyeza. Yetu je?

Nilisema mwanzo kwamba nilirudi na aibu. Niliposoma kisa cha harusi ya Farajallah, nilikumbuka posa moja ya hapa hapa kwetu. Kijana ni mswalihina, ana kazi, anasomesha watoto Qur'ani Jumamosi na Jumapili. Alikwenda kuposa akarudishwa. Hakuulizwa dini yake wala tabia yake. Aliulizwa ukoo. "Kijana mzuri, lakini si wetu." Mimi nilikuwepo kwenye mazungumzo barazani, nilinyamaza, nikanywa kahawa yangu. Mwaka huo huo kijana huyo aliacha kuja kwenye vikao vya jumuiya yetu, na darasa lake la watoto likafungwa. Hatukupata mwingine wa kulishika.

Sote tulilalamika kwamba watoto hawana mwalimu. Hakuna aliyesema kwa nini.

Ndugu yangu, dada yangu, Wamamluki walikuwa na Ayn Jalut. Ramadhan yao ilikuwa na ushindi ambao tunausimulia mpaka leo. Haukuwasaidia siku walipoamua kwamba elimu ikija mikononi mwa mtu wa chini haifai, na kwamba heshima ni mali ya wachache. Nasi tuna historia za kujivunia, misikiti ya kale, maulamaa, mashairi. Ni kheri kubwa. Lakini tujiulize usiku mmoja katika kumi hili la mwisho: katika jumuiya yetu, nani ndiye Farajallah wetu? Nani anajua jambo tunalolihitaji, tukamkalisha nyuma kwa sababu ya rangi yake, kabila lake, kazi ya babake, ama kwa kuwa amesilimu juzi?

Mimi nimemtafuta yule kijana. Nilimkuta dukani kwake, nikamuomba msamaha kwa kunyamaza kwangu. Alinitazama kitambo, akasema, "Futari utakula wapi leo?" Tukafuturu pamoja, mkate wa mofa na mchuzi wa papa. Darasa bado halijafunguliwa. Tumeanza kuzungumza, inshaAllah.

Allah atukubalie funga zetu na visimamo vyetu, azinyooshe safu zetu ndani ya msikiti na nje yake. Ramadhan Kareem kwako na kwa watu wa nyumbani. Na ukimaliza kusoma, mpe gazeti hili binamu yako kabla hajawasha kompyuta.

Wabillahi tawfiq.